Albamu ya mwaka mzima: treni, safari, majengo na matamasha

Kamwene kwa mlioko Iringa, mugonile kwa mlioko Mbeya na Rungwe, na wengine wote habari za saa hizi. Leo tunatengeneza albamu ya mwaka. Picha zote zilizolala kwenye kadi na kwenye simu tangu Januari tunazichambua mpaka zibaki 60, tunazipanga kwenye kurasa 40 za sentimita 30 kwa 20. Jalada hili la kitenge mnaloliona nauza mwenyewe, maelezo yapo chini ya video. Albamu yenyewe chapisha popote unapopaamini.

Kunakili picha kutoka kwenye kadi mnajua. Nakala moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski ya nje, na kadi haifutwi mpaka albamu iwe mkononi. Twende.

Sasa hapa naomba mtulie. Kabla hujachagua picha hata moja, angalia saa ya kamera. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, kamera inataka 08:00. Ukinunua kamera ukaiwasha saa mbili asubuhi, ukaandika 02:00, kamera yako iko nyuma kwa saa 6 mwaka mzima. Picha ya treni ya alasiri inasomeka asubuhi. Tamasha ni baya zaidi: nyimbo za saa tano usiku zinasomeka 17:00, na ukishachanganya na picha za simu, ambayo saa yake ni sahihi, mwimbaji anamaliza kuimba kabla jukwaa halijafungwa.

Msikimbilie kuongeza saa 6! Kwanza jua kamera imepotea kwa kiasi gani na upande gani. Washa simu, ionyeshe saa na tarehe, ipige picha kwa kamera hiyohiyo. Fungua picha kwenye kompyuta, soma saa iliyoandikwa ndani ya faili, linganisha na saa inayoonekana kwenye kioo cha simu. Tofauti ndiyo hiyo.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu si kila mara ni 6. Aliyeseti saa mbili asubuhi akaandika 02:00, anaongeza 6. Aliyeseti saa nne usiku akaandika 04:00 ya tarehe ileile, amepotea kwa saa 18, maana kamera ilitakiwa isome 22:00. Na mwenye kamera ya AM na PM aliyeseti saa mbili asubuhi akaweka 2:00 PM, huyo yuko mbele kwa saa 6, kwa hiyo anapunguza. Ukikosea upande unapata kosa la saa 12, na bado picha zitaonekana zimepangika vizuri. Ndiyo hatari yake.

Jambo jingine: betri ikikaa imeisha kwa muda mrefu, kamera nyingi husahau saa na kurudi 1 Januari ya mwaka fulani wa kiwandani. Ukiona picha zina tarehe ya miaka ya nyuma wakati kamera hukuwa nayo, hizo zitenge folda yake, zina hesabu yake. Usizichanganye na zile za saa 6.

Ngoja, kioo kinang'aa, hamwoni kitu. Nashusha pazia. Haya.

Tenganisha folda kwa kila chombo: kamera peke yake, simu peke yake, kamera ya rafiki peke yake. Fanya kazi kwenye nakala. Natumia programu ya digiKam, ni ya bure, ina sehemu ya kurekebisha saa na tarehe. Unachagua picha zote za folda, unaweka saa 6 za kuongeza, unatazama mfano wa picha moja, ndipo unakubali. Wanaopenda kuandika amri wanatumia programu ya exiftool: -AllDates+=6 halafu jina la folda. Yenyewe inaacha faili la awali pembeni, ni vizuri. Fanya mara moja tu. Mara moja! Ukiona kama haijakubali, usibonyeze tena. Fungua faili moja usome saa yake kwanza. Ukibonyeza mara ya pili umeongeza saa 12.

Waliopanda treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mpaka ng'ambo, mna kazi ya ziada. Tanzania iko saa moja mbele ya Zambia. Ukivuka Tunduma kwenda Nakonde, simu inajirudisha yenyewe saa moja nyuma, kamera haijui lolote. Ni hivyohivyo ukivuka Kasumulu kwenda Malawi. Hata ukiwa umesimama Tunduma upande wetu simu inaweza kunasa mtandao wa jirani. Mimi napendelea albamu nzima ifuate saa ya Tanzania, kwa hiyo picha za simu zilizopigwa ng'ambo zinaongezewa saa 1. Msingi wa kulinganisha uwe tukio moja lililopigwa na vyombo vyote viwili, mfano behewa lilelile likiingia stesheni.

Picha zilizopita WhatsApp kama picha za kawaida zimepoteza saa kabisa, na mara nyingi zimebaki na pikseli kama 1,600 upande mrefu. Kwa uchapaji wa pikseli 300 kwa inchi, hiyo ni sentimita 13 na nusu. Haijazi ukurasa wetu, unaohitaji pikseli 3,543 kwa 2,362. Mwombe mwenye picha akutumie kama dokumenti.

Saa zikishakaa sawa, changanya folda zote, badili majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi, siku na saa. Hilo ni jepesi.

Kuchambua. Mzunguko wa kwanza ni wa kutupa tu: zilizotikisika, zilizofumba macho, zile za kidole mbele ya lenzi. Sekunde mbili kwa picha, usikuze, usirekebishe rangi. Mtu akianza kurekebisha rangi hapa, atafika Machi na atalala. Mzunguko wa pili zipe nyota zile nzuri, na kila tukio libaki na picha zisizozidi 5. Wa tatu ndio wa kuumia: tukio moja, picha moja au mbili. Picha kumi za kichwa kilekile cha treni ni picha moja, jamani.

Tuanze na treni. Wengi wananyoosha picha ya treni kwa kuifuata treni. Kwenye kona reli ya nje imeinuliwa kuliko ya ndani, kwa hiyo treni kweli imelala kidogo. Ukiisimamisha treni, umepindua mlima, nyumba na watu. Fuata vitu vya wima vilivyo karibu na katikati ya picha: nguzo, ukuta wa stesheni, mlango. Milimani baada ya Mlimba kuelekea Makambako kuna kona na mahandaki mengi, basi mtakutana na hili sana. Picha za kutoka handakini zina weupe mtupu mdomoni mwa handaki. Kama weupe hauna chochote ndani hata ukipunguza mwanga, achana nayo. Waliopiga RAW, faili ghafi la kamera, wana nafasi kidogo zaidi.

Maelezo chini ya picha yaandikwe kwa usahihi. TAZARA ina upana wa reli wa milimita 1,067, reli ya kati ya zamani ni 1,000, na SGR, reli mpya ya kisasa, ni 1,435. Ukiandika SGR chini ya picha ya stesheni ya Mbeya, wapenzi wa treni watakuja kukuhoji, na watakuwa na haki. Urefu wa TAZARA ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ujenzi 1970 hadi 1975. Na kwa mwaka ujao: stesheni na madaraja ni mahali pa kuomba ruhusa kwa mkuu wa stesheni kabla hujatoa kamera kwenye begi.

Majengo. Hapa napenda kukaa. Ukiinua kamera kupiga jengo refu, kuta zinaegemea ndani. Kwanza, kwenye programu ya kuhariri, washa marekebisho ya lenzi, kisha ndipo unyooshe mistari ya wima. Ukigeuza mpangilio huo, mistari iliyojikunja inanyooshwa kwa uongo na utahangaika. Halafu usinyooshe mpaka mwisho. Ukifika asilimia 100 jengo linaonekana limefura juu; acha kama 80 au 85. Kunyoosha kunakula kingo za picha, ndiyo maana unapopiga unaacha nafasi pembeni.

Jua nalo. Hapa kwetu kusini, kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari jua la mchana linapita upande wa kusini, miezi mingine linapita kaskazini. Ukuta unaotazama kusini, uwe wa Boma la Iringa au kanisa la zamani la Moravian Rungwe, misheni iliyoanza 1891, mwezi Juni uko kivulini mchana kutwa. Kwa hiyo ukiwa na picha mbili za jengo moja, ya Juni na ya Desemba, usiangalie ipi kali tu. Angalia ipi ina kivuli kinachoonyesha unene wa ukuta na dirisha lilivyoingia ndani. Agosti hadi Oktoba vumbi na moshi wa mashamba hufanya milima ya nyuma kuwa ya kijivu. Usijaribu kuukwangua moshi wote kwa programu, anga inageuka madoa. Picha baada ya mvua ya kwanza itakushinda tu kwa uzuri.

Umeme umekatika. Tunaendelea na betri, nitaongea haraka.

Safari: picha za dirishani mwa basi, Kitonga na kwingineko, kagua kama kuna taswira ya shati lako kwenye kioo. Ikiwepo, tupa. Maua ya Kitulo, moja ya karibu na moja ya uwanda wote, inatosha.

Matamasha. Picha yenye mistari ya giza inayokatiza jukwaa haitengenezeki. Taa za LED huwaka na kuzimika upesi kuliko jicho linavyoona, na kasi ya kamera ya 1/1000 ya sekunde inanasa kuzimika huko. Umeme wetu ni hertzi 50, kwa hiyo mara nyingi 1/100 ni salama zaidi. Jaribu hapohapo ukumbini. Uso uliojaa taa nyekundu hauna tena mikunjo: geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, chukua chaneli ya kijani, yaani sehemu ya rangi ya kijani peke yake, utashangaa macho yanavyorudi. Chembechembe za ISO 6400, yaani kamera ikiongezewa usikivu wa mwanga gizani, zisikutishe, kwenye nusu ukurasa hazionekani. Kwa kwaya chagua picha ambayo midomo imefunguka pamoja, na maikrofoni haijaficha mdomo wa mwimbaji kiongozi.

Kupanga kurasa. Fuata miezi, usitenganishe treni huku majengo kule. Treni ya Mei ikae karibu na kanisa la Mei. Acha milimita 3 kila ukingo kwa ajili ya kukatwa, na sentimita 1.5 kutoka kwenye mshono wa katikati usiweke uso wa mtu. Narudia, mshono unameza nyuso. Picha za simu zenye uwiano wa 4 kwa 3 zitakatwa juu na chini, kata mwenyewe usiiachie mashine.

Kabla ya kuchapa zote, punguza mwanga wa kioo cha kompyuta mpaka karatasi nyeupe iliyo pembeni ilingane nacho, kisha chapisha ukurasa mmoja wa tamasha na mmoja wa jengo. Karatasi huonyesha giza kuliko kioo. Vivuli vikiziba, ongeza mwanga kidogo kwenye picha za usiku pekee, chapa tena ukurasa huohuo. Ukiridhika, toa PDF, ipeleke kwa flashi. Jalada la kitenge linachukua kurasa 40 mpaka 48. Zikizidi hapo uti wake unapasuka, niambie mapema nikukatie pana.