Zenit ya mjomba na mwanga wa Kibirizi

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Nimeombwa niongee kuhusu upigaji picha, mi naanza na hii hapa mezani, Zenit-E, kamera yangu ya kwanza ya mkanda, kaniachia mjomba aliyekuwa anapiga picha za harusi na pasipoti pale mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma. Pokezaneni muishike. Nzito eeh? Imetoka Krasnogorsk, karibu na Moscow, enzi za Umoja wa Kisovyeti, walianza kuitengeneza 1965 wakatoa zaidi ya milioni 3, na haitumii betri hata moja.

Sasa inapimaje mwanga? Angalia hapo juu ya lenzi, hicho kioo chenye vinundunundu, nyuma yake kuna seleniamu, kitu ambacho kikipigwa na mwanga kinazalisha umeme kidogo sana, huo umeme unasogeza kamshale hapo juu, we unazungusha duara mpaka vikutane ndo unasoma spidi, yaani mwanga uingie kwa muda gani, na tundu la lenzi, yaani uingie kwa upana gani. Basi. Niliipenda hiyo jamani, mpaka leo naipenda.

Ila kamshale kanapima mwanga wote kwa mkupuo, hakajui unampiga nani. Nenda kule kwa wavuvi Kibirizi saa nne asubuhi, dagaa wameanikwa wanameremeta, ziwa huko nyuma nalo linameremeta, mama kajifunga kanga anageuza dagaa wake, kamshale kanaruka juu kwamba mwanga mwingi, ukikafuata uso wa mama unatoka mweusi tii huoni hata macho. Dawa nilifundishwa na mjomba: nyoosha kiganja chako, kipigwe na jua lilelile linalompiga mama, sogeza kamera karibu upime hapo kwenye kiganja, halafu fungua tundu hatua moja, yaani ukisoma 8 weka 5.6, maana namba ikishuka tundu linapanuka, ndo upige. Ukisafisha picha unamwona mama na jasho lake na magamba ya dagaa kwenye vidole. Hiyo furaha we acha tu.

Na mkanda ni picha 36, zimeisha zimeisha, kwa hiyo nilikuwa nasimama bandarini naitazama Liemba muda mrefu kabla ya kubonyeza, meli iliyojengwa Ujerumani 1913 ikaja kuunganishwa hapahapa Kigoma, nasubiri jua lishuke upande wa Kongo liguse ubavu wake. Simu zenu ni nzuri, mi mwenyewe natumia, lakini simu inakuamulia mwanga, hii inakulazimisha uujue.

Halafu kitu kimoja naomba sana: kama kwenye sanduku la babu kuna negativu, yale mapande ya mkanda uliokwisha safishwa, msizitupe. Msizishike katikati, shikeni pembeni, ziwekeni kwenye bahasha ya karatasi sehemu kavu maana unyevu unaleta ukungu, mje nazo Jumamosi, tutazimulika kwa taa tuzipige upya na simu.

Haya, nani ana swali?