Kila Mtoto Aguse Mpira

Hamjambo wazazi wenzangu, na wakubwa shikamooni. Mlionisikia mwaka jana mtanivumilia, maana narudia neno lile lile: kila mtoto aguse mpira. Nitalirudia mpaka nipite viwanjani Jumamosi asubuhi nisimwone mtoto wa miaka 7 amesimama kando ya mstari, kavaa jezi ya klabu, vidole kavificha ndani ya mikono ya jezi kwa baridi, anangoja kuitwa.

Sitaeleza kwa kirefu mpira wa Kigaeli, huu wa Waayalandi unaochezwa kwa mikono na miguu. Mnaishi Ireland, watoto wenu wanaucheza shuleni, na Croke Park, uwanja wake mkuu kule Dublin, mmeuona angalau kwenye televisheni. Nazungumza na ninyi mnaoombwa na klabu msaidie kufundisha watoto wa chini ya miaka 12. Mnakubali kwa moyo mweupe, halafu mkifika uwanjani mnapanga kikosi kama vile mnakwenda fainali ya Ireland nzima.

GAA yenyewe, yaani chama kinachosimamia mchezo huu, imekwisha kusema. Utaratibu wake wa watoto, Go Games, unataka timu ndogo: kwa kawaida 7 kila upande kwa walio chini ya miaka 8, kisha 9 kwa walio chini ya 10, kisha 11 kwa walio chini ya 12, na makocha wengi hupunguza zaidi ya hapo. Uwanja unafupishwa, mpira unakuwa mdogo na mwepesi, hakuna mtoano. Na kila mtoto anacheza mechi nzima. Mechi nzima! Basi benchi ninaloliona kila wiki limetoka wapi?

Limetoka kichwani mwa mtu mzima. Anaiona timu ya watu 7 kama timu kamili iliyopungukiwa. Ana watoto 14, anachagua 7 wazuri, waliobaki anawaambia wakae. Jamani, ukiwa na watoto 14 una timu mbili. Mwenzako akija na 14, mna mechi mbili zinazochezwa wakati mmoja, ubavu kwa ubavu. Akija na 10, mwazime wawili, mcheze 6 kwa 6 viwanja viwili. Mtoto akivaa fulana ya rangi nyingine kwa nusu saa hakuna linaloharibika.

Fikirini uwanja wa wakubwa. Urefu wake ni mita 130 hadi 145, upana mita 80 hadi 90, watu 30, mpira mmoja. Mweke hapo mtoto, mpe nafasi ya beki wa pembeni. Mechi itakwisha hajagusa kitu. Na mchezo huu unadai mguso kuliko michezo mingi. Ukiushika mpira huna ruhusa ya kupita hatua 4 bila kuudundisha au kuudokoa kwa ncha ya mguu urudi mkononi, na huwezi kuudundisha mara mbili mfululizo. Mvulana haruhusiwi kuuokota chini kwa mkono, sharti aunyanyue kwa mguu kwanza. Hebu jaribuni kufanya hayo mkikimbia, mtu yuko begani! Hakuna hotuba ya kocha itakayomfundisha mtoto jambo hilo. Mwili wake utajifunza kwa kuurudia mara mia, na kando ya mstari hakuna marudio.

Mliocheza chandimu mnalijua hili bila kufundishwa. Watoto wanane, uchochoro mmoja, mpira wa makaratasi na kamba, na nani alikaa benchi? Aliyekuja alicheza, na miguu ikajifunza yenyewe.

Sasa nieleze nililoliona kwenye bonanza moja la watoto. Klabu siitaji. Kulikuwa na kijana mmoja mkubwa wa mwili, wenzake wanamfika kifuani. Kila kipa wao akipata mpira, kocha anapaza sauti, mpe fulani! Fulani anaupokea, anawapita wote, goli. Tena, goli. Wazazi wanapiga makofi na kocha anaandika kwenye karatasi. Wale wengine walikuwa wanakimbia nyuma yake tu. Baada ya mechi nikamwuliza mmoja wao, mdogo, kama amecheza vizuri. Akanijibu kwa furaha kabisa kwamba wameshinda. Nikamwuliza, uliupata mpira? Akafikiri, akasema aliupata mmoja uliotoka nje, akampelekea refa.

Mtasema angalau yule mkubwa alifaidika. Hapana, naye amedhulumiwa, na pengine kuliko wote. Akifika miaka 15 wenzake watakuwa wamemfikia kimo. Siku hiyo atahitaji mguu wa kushoto, atahitaji kuinua kichwa amwone mwenzake, atahitaji kuupiga mpira kwa ngumi ufike mkononi mwa mtu. Nani alimfundisha? Alifundishwa kuwa mkubwa, na ukubwa umekwisha.

Dawa yake ninayoitumia mazoezini ni hii. Aliye hodari sana anadundisha mara moja, anadokoa mara moja, kisha lazima autoe. Au anafunga kwa mguu wake dhaifu tu. Au aliyefunga hafungi tena mpaka mwenzake mwingine afunge. Simwadhibu. Nampa mtihani unaolingana naye, na watoto hodari wanaupenda kuliko kuwapita wadogo.

Kuna wanaosema, lakini watoto wenyewe wanahesabu magoli. Wanahesabu, na waache wahesabu! Ninachokataa ni wewe kushika karatasi. Upande mmoja ukizidiwa mno, simamisha, badilisha wachezaji wawili, endeleeni.

Na yule anayeniambia kwamba hayo ni mambo ya kitoto, mpira wa kweli ni wa watu 15, namwomba aangalie wakubwa walivyofanya. Timu zilikuwa zinarudi nyuma zote, watu wamejazana mbele ya goli lao, mchezo ukakosa hewa. Mwaka 2025 kanuni zikabadilishwa, kila timu sharti iache wachezaji wasiopungua 3 katika nusu ya wapinzani. Wakubwa wamelazimika kutunga sheria ili wapate nafasi ya kucheza, na mtoto wa miaka 7 unamnyima nafasi hiyo kwa hiari yako?

Naonyeshwa saa, kwa hiyo mengine nayakimbiza. Kipa abadilishwe kila kipindi, asiwe yule mnene kila wiki, mnanielewa. Kuzunguka uwanja bila mpira kwa ajili ya kupasha mwili moto, acheni, muda wenyewe ni mfupi. Kinga ya meno ni lazima, hata mazoezini. Wasichana wanacheza pamoja na wavulana katika umri huu, na chama chao cha mpira kipo tangu 1974, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba binti yake atazoea baadaye. Na wewe unayesema hujawahi kuucheza, hilo halikuzuii. Klabu itakupeleka kwenye kozi ya msingi. Kinachokuzuia ni kutopitia ukaguzi wa Garda, yaani polisi wa Ireland, na kozi ya ulinzi wa watoto, na hizo fomu zijazeni wiki hii, msingoje msimu uanze.

Nilitaka kusema juu ya wazazi wanaofokea marefa wa miaka 16. Tutalizungumza siku nyingine, na nitalizungumza kwa kirefu.

Watakaokuja Jumamosi waje mapema tupange koni. Nataka viwanja vinne vidogo, na nahitaji watu wanne wa kushika filimbi. Haya, mama pale nyuma umenyoosha mkono, karibu.