Acheni mti mkavu usimame: mazungumzo na waongoza watalii na walimu, Entebbe

Haya asanteni, kaeni, nyie wa nyuma sogeeni, viti viko huku mbele. Kabla sijaanza, kuna kijana hapa ameandika "barbet" kwenye simu yake na amepata mbwa, ananionyesha mbwa. Sawa, ni kweli, yuko mbwa wa jina hilo na nitamfikia, manake habari zake zinatuhusu kuliko mnavyofikiri. Lakini mimi nimekuja kwa ajili ya ndege mwenye jina hilohilo, na hasa nimekuja kwa ajili ya mti anaolala huyo ndege, na wanaonijua wameshajua nitasema nini: mti mkavu usiukate. Nimelisema Mukono, nimelisema Jinja, nimelisema Masaka, na mkiniita kesho nitakuja nilirudie.

Ndege mnamjua. Nendeni tu pale kwenye bustani ya mimea, ile iliyoanzishwa 1898, simama chini ya mti wowote wa jamii ya mutuba, yaani mtini wa porini, wakati una matunda, hutakaa sana utamwona yule mkubwa mweusi mwenye kifua chekundu na mdomo mnene wenye meno mawili pembeni. Vitabu vya Kiswahili vinamwita zuwakulu, nyie mnamwita babeti, mwiteni mnavyotaka. Na wadogo zake ni vitororo, wale wanaogonga pon pon pon mchana kutwa kama mhunzi anayefua jembe, unamsikia siku nzima na humwoni. Nchi hii ina aina zaidi ya 1,000 za ndege na hawa tunao wa kila namna, wa msituni, wa savana, wa uani kwako. Lakini mtalii akishuka tu uwanja wa ndege anaulizia korongo nyangumi, yule shoebill wa kinamasi cha Mabamba, na nyie mnakimbia naye Mabamba asubuhi kabla hata hajanywa chai, na njiani mmepita babeti kumi mko bize na simu. Korongo nyangumi hana shida ya wateja, huyu mwingine hana hata wa kumsemea, kwa hiyo leo ni zamu yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Watu wanamchanganya na kigogota. Ni jamaa yake kweli, vidole viwili mbele viwili nyuma, wote wanachimba shimo kwenye mti, lakini kigogota ana mdomo wa kazi hiyo na anaweza kupiga mbao ngumu. Babeti mdomo wake ni mnene, wa kuvunia matunda, kwa hiyo anatafuta mbao ambayo imeshalainika, manake uyoga na kuvu wameshaila kwa ndani. Mti ukifa leo, kesho haumfai. Lazima usimame pale ukauke, upigwe mvua, uoze taratibu, ndipo siku moja unakuta dume na jike wanapokezana kuchimba na vumbi la mbao liko chini. Tundu la kuingilia wanalitengeneza dogo, linatosha mwili wao tu, ndani linashuka chini, hawaweki majani wala manyoya, mayai meupe yanakaa juu ya unga wa mbao. Wanaatamia kama wiki mbili, halafu makinda yanakaa mle ndani zaidi ya mwezi. Na hata makinda yakishaondoka, wakubwa wanarudi kulala kwenye mashimo usiku. Hiyo watu wengi hawaijui, wanafikiri shimo ni la msimu wa mayai tu, wakishaona kimya wanaleta panga. Si la msimu, ni kitanda chao mwaka mzima.

Najua kuna mtu wa Karamoja, kule kaskazini mashariki, hapa atanyoosha mkono aseme babeti wa kwao wale wekundu na njano wanachimba kwenye vichuguu. Ndiyo, wanachimba kwenye vichuguu na kwenye kingo za udongo. Hao mti mkavu hauwahusu. Mimi naongelea hawa wa huku kwetu, wa kwenye mashamba ya matoke na kahawa, ambao mti ukiondoka hawana kichuguu cha kukimbilia.

Ntawaambia ya shule moja, na wengine mmeshanisikia nikiisimulia, sikilizeni tena. Ni shule isiyo mbali na Kampala, sitaitaja. Walikuwa na mti mkavu wa mugavu nyuma ya jiko, ulishakufa siku nyingi, umebaki shina na matawi mawili matatu. Kwenye tawi la juu kulikuwa na tundu na ndani babeti wa meno mawili na makinda yao. Mimi mwenyewe niliwaonyesha watoto wa darasa la tano, tukakaa kwenye nyasi, wakaanza kuandika daftarini: saa hii amekuja na mdudu, saa hii amekuja na tunda, ametoka na uchafu mdomoni. Watoto walipenda, na walikuwa wanabishana nani aliona kwanza, yule msichana mmoja mdogo alikuwa anajua kabisa kwamba akija jike lazima dume atoke kwanza. Nikaongea na uongozi wa shule nikawaambia jamani huu mti uacheni hadi makinda yatoke, wakasema hakuna shida mwalimu.

Wiki haijaisha wakapata habari kuna wageni wa wilaya wanakuja kukagua. Basi kompaundi ikasafishwa. Mawe yakapakwa chokaa, ua ukafyekwa, na mugavu ukaonekana ni aibu, eti wageni wataonaje shule ina mti uliokufa katikati. Akaitwa jamaa mwenye msumeno wa mashine. Mimi sikuwepo, aliyenisimulia ni mama mpishi, na mama huyu alikuwa analia wakati ananiambia. Tawi lilianguka likapasuka palepale kwenye shimo, makinda yakatoka nje hayana hata manyoya ya kutosha. Watoto wakayaokota, mwalimu mmoja akatafuta boksi, wakayawekea posho ya jana, yaani ugali. Posho! Kinda la babeti linalishwa wadudu na matunda na wazazi wake tangu alfajiri mpaka jioni, wewe unampa posho baridi. Asubuhi yalikuwa yamekufa yote. Na mama akaniambia wale wazazi walikuja jioni ile wana wadudu mdomoni wakawa wanarukaruka palepale hewani ambapo shimo lilikuwepo, wanakwenda kwenye paa la jiko, wanarudi palepale hewani, mpaka giza.

Na kuni zenyewe? Hazikufaa. Mbao iliyooza haiwaki, inatoa moshi tu, mama alihangaika nazo siku mbili akazitupa. Wageni walikuja wakaingia ofisini wakanywa soda wakaondoka, nyuma ya jiko hakufika mtu. Hakuna mtu mbaya katika hadithi hii, ndiyo maana naisimulia kila mahali. Wote waliofanya vile walifikiri wanasafisha. Tatizo letu ni kwamba tumefundishwa mti uliokufa ni takataka, na mimi nasema mti uliokufa una wakazi wengi kuliko wakati ulipokuwa na majani: babeti akihama wanaingia kwezi, wanaingia popo, wanaingia nyuki, bundi wadogo, mijusi. Yeye ndiye fundi aliyewajengea wote.

Sasa mzazi mmoja husimama aniambie, mti ule utaangukia mtoto wangu, ndege ana thamani kuliko mtoto? Hapana mzazi wangu, hana. Kama mti umeinamia darasa, au njia, au waya za umeme, kateni, sina neno. Lakini kuna kitu katikati ya kukata na kuacha. Pandisha mtu apunguze matawi mazito ya juu, bakiza shina la mita nne au tano, hilo haliangushwi na upepo kirahisi, zungushia miiba kidogo watoto wasipande. Na kwenye mwembe au mfenesi ulio hai, lile tawi nene lililokauka upande ambao hakuna anayepita, liache. Kabla ya yote angalia kwanza kama kuna tundu la duara na kama kuna ndege anaingia, kaa nusu saa tu na chai yako. Nusu saa unaikosa?

Halafu kuna mlalamikaji wa mapapai. Kila mahali yupo. Ndiyo, babeti anakula papai, na mapera anakula, sikatai, funika lile unalolitaka uache moja juu. Lakini huyohuyo anakula matunda ya mutuba kwa wingi kuliko mapapai yako, anameza, anaruka, anaangusha mbegu kwenye panda la mti mwingine, na mutuba unaotea hapo juu unateremsha mizizi mpaka chini. Sasa Waganda wa hapa ndani niambieni, lubugo, ile nguo ya magome, inatoka kwenye mti gani? Kazi ya kutengeneza lubugo ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa hazina ya dunia nzima, na 2008 ikaingizwa kwenye orodha yao ya urithi, tunajivunia, tunaivaa msibani. Mtaniambia mkulima anapanda mutuba kwa kijiti, na ni kweli, shambani anapanda kwa kijiti ili ufunike kahawa na matoke. Msituni nani anachomeka vijiti? Ni babeti, ni hondohondo, ni nyani. Kwa hiyo papai moja tusigombane.

Haya, mbwa. Huyo kijana amesubiri. Ni mbwa wa Ufaransa wa tangu zamani, ana manyoya marefu ya kujisokota mwili mzima na ndevu chini ya kidevu, na ndege naye ana vinywele vigumu pale mdomo unapoanzia, basi ndevu ndizo zilizowapa jina moja, undugu mwingine hakuna. Si mbwa mdogo, dume anafika sentimita 58 hadi 65 begani. Kazi yake ilikuwa majini, mwindaji akipiga bata akaangukia kwenye kinamasi mbwa anaingia hata maji yawe baridi namna gani anamleta. Karne ya 20 nusura aishe, vita vikubwa vimepita, watu wamehamia mbwa wengine, wakabaki wachache sana. Wafugaji wachache wakakusanya waliobaki, wakaandika kila mbwa na wazazi wake, wakawazalisha polepole miaka mingi, na leo wako Ulaya na Marekani, American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, wamemtambua rasmi 2020. Nawapa heshima yao wale wafugaji, ni kazi ya uvumilivu.

Lakini kuna watu wakisikia hivyo wananiambia, unaona, kitu kikikaribia kuisha wataalamu wanakirudisha, tulia. Hapo ndipo nakosa subira kabisa. Mbwa alikuwa anakosa nini? Alikosa watu wanaomtaka, basi. Nyumba ya kulala ilikuwepo, chakula kilikuwepo, wakapatikana watu akarudi. Babeti hahitaji wa kumfuga wala hahitaji daftari la ukoo, anatafuta mwenzake mwenyewe. Anahitaji shina lililosimama likaoza, na hilo halizalishwi na mtaalamu yeyote. Ukikata yote leo, hata ukipanda mvule kesho, usubiri ukue, usubiri ufe, halafu usubiri uoze. Wajukuu wako watakuwa wazee. Na tunachopanda ni nini? Mikalatusi na misindano, kwenye mistari, inavunwa ikiwa bado mibichi. Hakuna hata mmoja unaoachwa uzeeke.

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka kuongea kirefu kuhusu wale babeti wa kijivu wa msituni, Mabira, Kibale, ambao wanakaa kijiji kizima kwenye mti mkavu mmoja, jozi nyingi matundu juu hadi chini, ukiangusha mmoja umefukuza wote, nyie mnaopeleka watalii Mabira waonyesheni hiyo. Kuhusu mlembe mdogo pia, yule ndege anayetaga kwenye shimo la babeti na kinda lake linawaua wenye nyumba kwa ndoana iliyo kwenye mdomo, mtaniuliza baadaye. Makaa sitayaanza, mwaka 2023 Rais alipiga marufuku biashara ya makaa huko kaskazini na bado malori mnayaona wenyewe.

Moja tu siliruki. Wale babeti wa uso mwekundu wa Ziwa Mburo. Hapa Uganda ni kona ile ya kusini magharibi tu, nje ya hapo ni Rwanda, Burundi na kipande cha Tanzania, dunia nzima basi. Mtalii anayejua ndege anasafiri kutoka mbali kabisa kwa ajili yake, na baadhi yenu hapa mnafanya kazi kule mnamwonyesha punda milia. Wafugaji wa kandokando ya hifadhi wanakata miti mikavu ya malishoni kwa ajili ya kuni na nguzo za seng'enge. Nyie ndio mnapita pale kila wiki, mnajuana nao, mnakunywa nao maziwa. Ongeeni nao, mmoja mmoja, mti upi ubaki. Na mtalii akimwona ndege kwenye shamba la mtu, mwenye shamba apate kitu, msimalize kila kitu getini kwa hifadhi.

Walimu, orodha ya miti mikavu ya shule zenu naitaka kabla ya likizo, andikeni ni mti gani, uko wapi, una tundu au hauna. Haya maswali. Wa mapapai aanze, mkono wake uko juu tangu zamani.