Kumtuliza Mgonjwa Anayeogopa Matibabu ya Meno

Mabibi na mabwana, nianze na jambo ambalo wagonjwa wengi hulichanganya: dawa ya kutuliza si ganzi. Hata mgonjwa aliyetulizwa vizuri bado huchomwa sindano ya ganzi, kwa sababu kupungua kwa hofu hakuzuii neva ya jino kuuma.

Njia nyepesi kuliko zote ni gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo imefungamana na fani yetu tangu Desemba 11, 1844, siku ambayo Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford nchini Marekani, aliivuta, kisha mwenzake John Riggs akamng'oa jino pasipo maumivu. Siku hizi mgonjwa huivuta kwa pua ikiwa imechanganywa na oksijeni isiyopungua asilimia 30, naye hubaki macho, akisikia na kujibu. Kazi ikiisha hupewa oksijeni tupu kwa dakika chache, na ulevi wa gesi humwishia. Aliyezibwa pua na mafua haimfai, na mjamzito huepushwa nayo, hasa katika miezi mitatu ya kwanza.

Vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepamu ni rahisi kutoa, ila kila mwili huvifyonza kwa kasi yake, na kipimo kikishamezwa hakirekebishiki. Ndiyo maana kwa hofu kali napendelea midazolamu, dawa ya kutuliza ya mshipani, inayoingizwa kidogo kidogo huku tukimtazama mgonjwa, na ambayo mara nyingi humfanya asahau yaliyotendeka. Dawa hiyo yaweza kudhoofisha upumuaji. Kwa hiyo mahali pasipo na kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu, flumazenili, yaani dawa ya kuizimua, na mhudumu aliyefunzwa kumwangalia mgonjwa, isitolewe kabisa. Baadaye mgonjwa arudishwe nyumbani na mtu mzima, wala asiendeshe gari au pikipiki kwa saa 24.

Nusukaputi, yaani usingizi kamili wa dawa, ni ya hospitalini, penye mtaalamu wa usingizi. Uingereza iliiondoa katika kliniki za kawaida za meno mwishoni mwa 2001, na naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote.

Nawasihi sana msitufiche kitu: anayetumia pombe au dawa za usingizi, na anayekoroma hadi pumzi kukatika usiku, atuambie kabla ya siku ya matibabu, ili kipimo kipangwe upya au ahamishiwe hospitalini.