Masta ya Haki ya Jinai Marekani: Mshahara Ule Ni wa Nani?

MWANAISHA: Haya karibuni tena, tuko hapa hapa Malindi, leo tunaingia moja kwa moja manake kuna kijana wa Barani ametutumia voisi, amepata admishoni ya masta ya haki ya jinai, yaani mambo ya uhalifu, polisi, mahakama na jela, huko Marekani na kwao wanataka kuuza shamba la Gede wamlipie karo. Anauliza akimaliza atakuwa analipwa kiasi gani.

KARISA: Hilo shamba lisiguswe kwanza.

MWANAISHA: Ametuma na skrinishoti ya mishahara.

KARISA: Nimeiona, imetoka College Scorecard, tovuti ya wizara ya elimu ya kule, na si uongo, serikali yenyewe inaangalia rekodi za kodi za waliomaliza halafu inatoa mshahara wa katikati, yaani nusu yao wako juu na nusu wako chini. Lakini sikiza dada, wanaohesabiwa mle ni wale waliosoma kwa mkopo ama msaada wa serikali ya Marekani peke yao.

MWANAISHA: Na mgeni mwenye viza ya masomo hapewi ule mkopo.

KARISA: Hapewi! Kwa hivyo mtu kama yeye kwenye hiyo namba hayumo kabisa. Halafu wengi wanaosoma hii kozi tayari wako kazini, polisi, askari jela, anasoma usiku onlaini apande cheo, sasa ukiona analipwa vizuri ujue mle ndani kuna miaka yake ya kazi.

MWANAISHA: Tupe basi za kazi zenyewe.

KARISA: Takwimu za Marekani za 2023, mshahara wa katikati, afisa wa probesheni, yule anayesimamia wahalifu wanaotumikia adhabu nje ya jela, dola 61,800 kwa mwaka, polisi na wapelelezi 74,910. Ukipiga kwa shilingi 129 kila dola, hiyo ya probesheni inakaribia shilingi milioni 8 za kwetu, lazima mtu roho imdunde. Lakini probesheni kwa kawaida wanataka digrii ya kwanza tu, masta si lazima, na FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya kule, usipokuwa raia hawakuchukui. Mwanafunzi wa nje akimaliza kozi kama hii kwa kawaida ana miezi 12 ya ruhusa ya kazi, basi.

MWANAISHA: Wallahi inauma. Lakini Karisa mimi sitaki asikie kama tunamkataza kusoma, sisi hapa tumeona Shakahola 2023, wale wafuasi wa mhubiri walioambiwa wafunge hadi kufa, miili zaidi ya 400, familia zimekaa zikingoja majibu ya DNA ndio wazike watu wao, hii elimu tunaihitaji hapa kwetu.

KARISA: Asome, tena asome sana, ila si kwa shamba la wazee. Chuo kikimpa skolashipu aende hata kesho.

MWANAISHA: Na aingie pale ofisi ya probesheni Malindi awaulize masta inahesabika kuanzia cheo gani.

KARISA: Na chuo nacho akiandikie imeili, wanafunzi wa nje waliomaliza hii kozi wangapi wamepata kazi, na kazi gani. Wakimjibu atutumie tusome hapa.