Kunusa Vijiti vya Tibet

Mabibi na mabwana, kabla sijawasha chochote naomba vijiti hivi vya kufukizia vya Tibet vipite mkono kwa mkono. Vunjeni kipande mkitaka. Ndani hamna ujiti wa mwanzi kama ule wa agabati, vijiti vya Kihindi. Ni unga mtupu tangu nje hadi katikati, kwa hiyo kinachoungua ni viungo vyenyewe. Ndiyo maana vijiti vya Tibet vinafaa sana kulinganishwa: tofauti mtakayoisikia inatoka kwenye mchanganyiko wa fundi.

Hiki cha kahawia iliyopauka ni cha mtindo wa Nyemo, wilaya iliyo magharibi ya Lhasa, mji mkuu wa Tibet. Huko, katika kijiji cha Tunba, gurudumu linalozungushwa na maji husugua kipande cha mti wa saiprasi juu ya jiwe, mbele na nyuma kutwa nzima, mpaka mti uwe rojo. Rojo hufinyangwa kuwa matofali, yakaanikwa, kisha husagwa na kukandwa pamoja na mitishamba. Kinyunga kikiwa tayari hukamuliwa kupitia pembe yenye tundu nchani, kinatoka uzi mrefu. Harufu yake ni kavu, ya mbao, haina utamu wowote. Anayetegemea waridi atavunjika moyo. Mimi nakipenda kuliko vyote asubuhi, madirisha yakiwa wazi.

Vingi vya vijiti hivi vina mreteni wa Himalaya, na hapo pua ya mtu wa Afrika Mashariki haiko ugenini. Mtarakwa wetu wa Aberdare na Usambara ni ndugu yake wa ukoo mmoja. Nuseni tena: ni kama penseli iliyochongwa sasa hivi.

Sasa hiki cha pili, na hapa naomba tukae kidogo. Kinafuata mapishi ya matabibu. Men-Tsee-Khang, chuo cha tiba kilichoanzishwa Lhasa mwaka 1916, kilifufuliwa Dharamsala, India, mwaka 1961, na matabibu wa mkondo huo wana dawa iitwayo Agar 31: viungo 31, udi ukiongoza. Huitumia kwa mtu aliyekosa usingizi au mwenye wasiwasi, hali ambayo wao huihesabu kuwa upepo uliovurugika mwilini. Ikitengenezwa vijiti, kwanza mnasikia udi, ule ule wa chetezo cha harusi ila umetulia zaidi. Ngojeni. Nyuma yake inakuja karafuu, kisha kungumanga, na mwishoni kuna kitu kizito cha udongo uliolowa na ngozi. Katika vijiti vingi vya kitabibu uzito huo ni wa nardo, mzizi ule ule wa marhamu aliyopakwa Yesu kule Bethania. Wapo wanaouchukia mara ya kwanza. Nawasihi msiuhukumu moshi ukiwa puani. Tokeni chumbani, mrudi baada ya robo saa. Nardo hujieleza moshi ukishaondoka.

Cha tatu, hiki kinene chenye wekundu wa zambarau, kinatoka Nado Poizokhang, kiwanda cha Thimphu, Bhutan. Ni kitamu na laini, rahisi kumpa mgeni. Kwangu kinachosha haraka, lakini najua wengi wenu mtakichagua.

Vya bei ya chini kutoka mitaa ya watalii ya Kathmandu sitavizungumzia sana. Kijiti kikinukia kwa nguvu kabla hakijawashwa, kisha kikiwashwa kikatoa moshi wa kukwaruza koo, mara nyingi kimemwagiwa manukato ya kiwandani.

Nimalizie na miski, maana nimeona imeandikwa kwenye pakiti mlizonionyesha. Zamani ilikuwamo kweli, ikitolewa kwenye kifuko cha paa dume wa Himalaya, na mnyama aliuawa kwa ajili yake. Leo biashara yake inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Nardo nayo iko chini ya mkataba huo tangu 1997, kwa kuwa hung'olewa mzima na mzizi wake, huko juu baridini ambako mmea hukua taratibu. Kwa hiyo pakiti ya bei ya pipi inayojigamba kuwa na miski halisi, irudisheni rafuni. Na mkipata kijiti chenye nardo ya kweli, kivunjeni vipande vitatu, mchome kimoja kimoja.