Strati ba kwenye Corolla 110: kufunga, kujaribu, na nini cha kununua kwanza

Haya wadau, karibuni gereji. Niko Uyole, Julai hii baridi yake mnaiona wenyewe, tangu asubuhi mikono haijapata joto. Mbele yangu ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, gari langu mwenyewe. Leo tunalifunga hili bomba. Dogo, sogeza kamera, waone. Mafundi wanaliita strati ba. Linakaa chini ya boneti, linaunganisha kikombe cha shokapu cha kushoto na cha kulia, yaani pale bodi inapofungwa na kichwa cha shokapu.

Ninayauza haya, yaliyotumika Japani, nasema mapema ili ujue anayeongea nawe ana mzigo dukani. Lakini kila wiki anakuja mtu: "Fundi, gari linayumba kwenye kona, tena linanidunda mgongo, nifungie bomba." Nikilipandisha jeki nakuta bushi, zile raba za amu ya chini, zimepasuka, shokapu inavuja mafuta, linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kuinama, zinagonga kama mlango mbovu. Huyo simuuzii bomba. Bomba halifufui bushi.

Kwanza tuelewane linafanya nini. Land Cruiser au Hilux ina chasesi yake chini, bodi imekaa juu yake. Gari dogo kama hili halina kitu hicho. Bodi yenyewe ndiyo chasesi: sakafu, nguzo, paa, vyote vinashikana kama boksi. Sasa angalia hapa mbele, boksi liko wazi juu, maana boneti ni kifuniko tu cha bawaba. Umewahi kuona kreti la nyanya la Ilula? Likiwa tupu, halijapigiliwa mbao za juu, ukilishika pembe mbili unalipinda. Pigilia ubao mmoja kukatiza juu, linakaza. Ubao wenyewe ndio huu nimeushika.

Ukiingia kona, barabara inasukuma tairi, tairi inasukuma shokapu, shokapu inasukuma kikombe, na vikombe viwili vinataka kusogeleana au kuachana kidogo sana. Hapo tairi inabadilisha kidogo mlalo wake, wewe unasikia usukani unachelewa kujibu. Bomba linazuia umbali huo usibadilike. Ila vikombe vyote viwili vikienda pamoja upande mmoja, bomba linakwenda navyo, halina msaada hapo. Kwa hiyo usitegemee muujiza.

Na safari kuwa laini? Hapana. Ulaini unatoka kwenye springi, shokapu, bushi, tairi na upepo wake. Bomba halina raba wala springi. Likifanya chochote kwenye shimo, litakufanya ulisikie shimo kidogo zaidi. Mgongo ukikuuma, weka hela kwenye shokapu.

Haya, tuanze. Upepo wa tairi upime asubuhi kabla gari halijatembea, ufuate kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Fungua boneti. Futa vumbi. Hayo unayajua.

Kabla sijafungua nati hata moja nataka kuwaonesha kitu. Hii ni antena ya redio ya zamani, ile ya kuvuta. Nimefunga mwisho mmoja kwenye kikombe cha kushoto, mwingine kwenye cha kulia, na hapa kwenye kiungo nimezungushia utepe mwembamba unaobana kidogo. Vikombe vikisogeleana, antena inaingia na kuusukuma utepe, ukirudi unaona alama ilipobaki. Jana niliendesha nayo Uyole, Igawilo, hadi kule kona zinapoanza kupanda kuelekea Isongole, mwendo wa kawaida tu, watu wanatembea pembeni na vikapu. Utepe ulisogea kama unene wa ukucha wa kidole gumba. Ndicho tunachopigania leo. Ukucha.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo pa hatari. Juu ya kikombe kuna nati tatu pembeni, na katikati kuna nati moja kubwa, wakati mwingine imefunikwa na kofia ya plastiki. Hizi tatu tunazifungua. Ya katikati usiiguse. Narudia, ya katikati usiiguse! Hiyo ndiyo inayoishikilia springi iliyobanwa na uzito wa gari. Hata kama umeona mtu anaigusa na hakudhurika, wewe usiiguse.

La pili, gari liwe chini, limekaa kwenye magurudumu yake manne, sehemu tambarare, breki ya mkono imevutwa. Usilipandishe jeki. Mimi nililipandisha siku moja, miaka ya nyuma, nikidhani napata nafasi. Nikatoa nati ya tatu, shokapu ikashuka yote, vishina vyake vitatu, vile vya nyuzi vinavyoshika nati, vikatoka kwenye matundu, tairi likaangukia pembeni na bomba la breki likavutika. Siku nzima nilikaa nikilirudisha, na bomba la breki nililibadilisha kwa sababu sikuliamini tena. Gari likiwa chini, uzito wake wenyewe unakikandamiza kichwa cha shokapu juu, hakiendi popote. Gari chini, dogo, waoneshe magurudumu. Gari liko chini.

Soketi namba 14. Nati moja, mbili, tatu. Upande huu nimemaliza. Weka nati kwenye kifuniko cha chupa, si kwenye mfereji wa kioo, zitapotelea humo.

Safisha hapa juu kwa brashi ya waya. Kutu na vumbi vikibaki chini ya bati, lile la mwisho wa bomba linalokaa juu ya kikombe, bati litakalia vumbi, baada ya mwezi vumbi linakwisha na nati inalegea. Paka grisi kidogo.

Weka bati la kushoto, limeingia. Bati la kulia. Hebu, simama. Dogo, lete kamera hapa, karibu. Haliingii. Vishina viwili vimeingia, cha tatu kinakataa. Mnaona? Tundu limefunikwa na kile kibano cha waya kilichoshikwa na nati hiyo hiyo. Wengi hapa wanachukua nyundo. Usichukue nyundo. Legeza kibano, kizungushe, kikae juu ya bati halafu nati juu yake. Na mkono wako uangalie huku, hii chupa ni ya mafuta ya breki, yakimwagika yanakula rangi. Yakimwagika, mwagia maji haraka, usipanguse na kitambaa kikavu. Haya, limeingia.

Sasa jambo la pili la kuogopa, ni urefu wa vishina. Bati limeongeza unene, kwa hiyo nati inapata nyuzi chache kuliko mwanzo. Ukimaliza kubana, nyuzi mbili tatu lazima zionekane juu ya nati. Zisipoonekana bati lako ni nene, toa, usilazimishe. Na usibane kwa nguvu za bega. Kishina kikikatika, kinatolewa kwa kushusha shokapu nzima. Kitabu cha gari hili kinataka Nyutoni mita 39, ndicho kipimo cha nguvu ya kubana, kwa nati za juu ya shokapu. Kama huna toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kubana, azima. Nasema azima, usikisie.

Kwanza nati zote kwa vidole tu, pande zote mbili. Halafu bomba lenyewe, boliti zake kwa vidole. Halafu mabati kwa toki renchi: hii, hii, hii. Kisha tingisha gari kwa mbele, sukuma pua ya gari chini mara tatu nne, lijikalie.

Bomba hili lina sehemu ya kurefusha katikati. Wapo wanaolivuta hadi lilie, wakiamini linakaza bodi zaidi. Mimi silipendi hilo. Unavisukuma vikombe mahali ambapo kiwanda hakikuviweka, na alaimenti yako, yaani mlalo wa magurudumu, inahama. Mimi nazungusha kwa mkono hadi mchezo uishe, ukilitikisa lisigonge, basi, nafunga nati ya kufuli. Bora pia uchague bomba lililonyooka. Yale yaliyopinda kupisha injini yanajikunja kidogo palepale yalipopinda, na bomba lenye bawaba nyepesi zilizolegea halifai kabisa.

Sasa boneti. Msifunge kwa kishindo! Tumebakiza ugali wa jana, umeganda vizuri. Chukua donge, kama ukubwa wa yai, ulibandike juu ya bomba mahali palipo juu zaidi. Shusha boneti taratibu hadi ishike. Fungua. Tuone... Aisee. Dogo, sogeza. Umekuwa kama karatasi. Ubavu wa boneti unakaribia kuligusa, na injini ikitetema likigongana rangi inaondoka na mlio hautaisha. Nilipanga kumaliza kabla ya saa nne, lakini siliachi hivi. Toa boliti mbili, geuza bomba liangalie chini, rudisha. Ugali mpya. Shusha. Fungua. Sasa mnaona umebaki na unene wa kidole. Huo unanitosha.

Tumerudi barabarani, njia ile ile, upepo ule ule wa tairi, abiria yule yule. Hii ni muhimu: ukibadilisha mambo mawili pamoja hutajua lipi limefanya kazi. Kona hii ya kwanza... nasikia usukani unajibu mapema kidogo, hasa pale ninapoanza kugeuza. Sisemi gari limekuwa jingine. Kuinama bado linainama, kwa sababu kuinama kunazuiwa na springi na stabilaiza. Hapa kuna matuta ya rasta. Dashbodi ilikuwa inalia kwenye haya, leo imelia mara moja badala ya njia nzima. Shimo lile... ndiyo, nimelisikia kama zamani, labda kwa ukali kidogo.

Tusimame hapa tuangalie antena. Utepe umesogea, lakini nusu ya ukucha wa jana, macho yangu yanaona hivyo. Kwa gari lenye shokapu nzima, bushi nzima na tairi zisizo vipara, hiyo nusu inanifurahisha, naendesha kila wiki kwenda Tukuyu na ninaipenda njia hii. Kwa mwenye IST au Vitz anayeulizia bomba la nyuma, jibu langu ni moja: nyuma yako kuna boriti moja inayounganisha magurudumu, na springi yako haijaizunguka shokapu kama hii ya 110, hela yako iweke kwenye bushi za boriti hiyo.

Ukifunga, tembea kama kilomita 100, kisha rudi na toki renchi upitie nati zote sita, gari likiwa chini. Ya katikati usiiguse. Mimi nitapitia zangu Jumamosi. Dogo, funga kamera, wingu hilo limeshuka kutoka Rungwe na barabara itateleza sasa hivi.